Jon Postel: Mtunza daftari la anwani za intaneti

Katika nyumba nyingi zenye ruta ya waifai kuna nambari ambazo wenye nyumba huziona mara chache, nazo ni zile zinazoanza na 192.168. Huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, au hujitokeza pale fundi anapofungua ukurasa wa mipangilio. Nambari hizo hazikuota zenyewe. Palikuwa na ofisi iliyoamua nani apewe nambari zipi na zipi ziachwe kwa matumizi ya majumbani, na kwa miaka mingi ofisi hiyo ilikuwa, kwa hakika, mtu mmoja mwenye ndevu ndefu na makubadhi miguuni, aliyefanya kazi kando ya bahari mjini Marina del Rey, jimbo la California.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, Altadena, karibu na Los Angeles. Alisoma shule ya sekondari ya Van Nuys, shule ambayo kwa sadfa ya ajabu iliwatoa pia Vint Cerf na Steve Crocker, wawili ambao baadaye wangekuwa wenzake katika ujenzi wa mtandao. Aliingia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akapata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya uzamili mwaka 1968, na ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa mwanafunzi pale mambo yalipoanza. Mwishoni mwa mwaka 1969 maabara ya Profesa Leonard Kleinrock iliunganishwa na kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford, kaskazini mwa jimbo hilohilo, na mtandao wa ARPANET uliofadhiliwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ukazaliwa. Wakubwa walikuwa na shughuli zao, hivyo kazi ya kuamua kompyuta zizungumze vipi iliachiwa vijana. Crocker alianzisha mfululizo wa hati zilizoitwa RFC, yaani maombi ya maoni. Jina hilo la unyenyekevu lilichaguliwa ili asiwepo wa kudhani kwamba wanafunzi wanatoa amri. Postel akawa mhariri wa hati hizo, akaendelea kuwa mhariri wake hadi siku alipofariki, takriban miaka 28.

Mwezi Mei mwaka 1972 aliandika hati fupi, RFC ya 349, akipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa nambari za soketi, zile zinazotofautisha huduma moja na nyingine ndani ya kompyuta. Kama mgombea wa kazi hiyo alijitaja mwenyewe, tena kwa alama ya kuuliza. Hakuna aliyempinga. Uteuzi mwingi wenye uzito mdogo kuliko huo umegharimu makongamano na posho.

Alipohamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California mwaka 1977, daftari la nambari alihama nalo. Mwenzake Joyce Reynolds alishirikiana naye kwa miaka mingi kulitunza na kulichapisha mara kwa mara. Nambari 25 kwa barua pepe, nambari 80 kwa kurasa za wavuti: zote zimepitia mezani pale. Baadaye kazi hiyo ikapewa jina rasmi, IANA. Waliompigia simu IANA wakitarajia jumba lenye idara na vyumba vya mapokezi walijikuta wakizungumza na Postel mwenyewe.

Mwezi Septemba mwaka 1981 zilitoka kwa uhariri wake hati tatu zilizofuatana, RFC za 791, 792 na 793, ambazo ziliweka nguzo za intaneti. Ya kwanza ilieleza anwani ya biti 32, yaani nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla yake ni anwani bilioni 4.29 hivi. Wakati huo kompyuta zilizounganishwa zilihesabika kwa mamia, na bilioni nne zilionekana kama bahari isiyokauka. Januari 1, 1983, ARPANET nzima ilitakiwa kuacha itifaki ya zamani na kuhamia hiyo mpya kwa mpango aliouandika Postel. Walioahirisha maandalizi walipewa onyo la vitendo: katikati ya mwaka 1982 itifaki ya zamani ilizimwa mtandaoni kwa siku moja, wakalalamika, ikawashwa tena. Wengi walielewa.

Mtandao ndani ya mtandao

Tatizo lililofuata lilitoka ndani ya majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo vikuu na kampuni zilianza kuwa na mitandao kadhaa ya ndani, mmoja ghorofa ya chini, mwingine maktaba, mwingine maabara. Kila mmoja ukipewa nambari yake rasmi, majedwali ya njia katika milango yote ya intaneti yangefurika. Mtu wa mbali hana haja ya kujua kwamba chuo fulani kina vyumba kumi. Anachohitaji ni kufika mlango mkuu wa chuo.

Mwezi Oktoba mwaka 1984 yalitoka mapendekezo mawili. Moja lilikuwa la Postel mwenyewe. Alitaka kompyuta zisijue lolote kuhusu mgawanyo huo: sanduku lililo katikati ya mitandao lingeitika kwa niaba ya kompyuta za upande wa pili, nazo zingedhani ziko chumba kimoja. Jingine lilikuwa la Jeffrey Mogul wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye alitaka kila kompyuta iambiwe wazi, kwa nambari ya pili iitwayo maski, ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtandao mdogo na ipi inayotaja kifaa chenyewe.

Pendekezo la Mogul ndilo lililoshinda. Agosti 1985 ilichapishwa RFC ya 950, inayoweka utaratibu rasmi wa mitandao midogo, yaani subneti, na waandishi wake ni wawili: Mogul na Postel. Mtu aliyekuwa na hoja yake, tena aliyekuwa mhariri wa mfululizo mzima na mwenye uwezo wa kuichelewesha hoja ya mwenzake, aliandika jina lake la pili chini ya hoja hiyo. Katika maisha ya Postel hili si tukio linalosimuliwa sana. Hata hivyo ndilo linaloeleza vizuri kuliko mengine kwa nini watu walimwachia daftari.

Athari ya uamuzi ule inaonekana leo katika nyumba za kawaida. Chukua nyumba ya ghorofa ambayo juu ni makazi na chini ni duka. Ruta iliyoletwa na kampuni ya mtandao iko juu, nayo inahudumia subneti ya 192.168.1.0 kwa maski ya 255.255.255.0. Maski hiyo inasema kwamba nambari tatu za mwanzo ni jina la mtaa, na ya nne ni nambari ya nyumba. Duka lina ruta yake ya pili, na subneti yake ni 192.168.2.0. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mtaa uleule, kwa hiyo hii ya pili ilibidi ibadilishwe kwanza. Mitaa miwili yenye jina moja haina njia ya kuipambanua. Waya umetoka ruta ya juu hadi ruta ya duka, na kwa upande wa waya huo ruta ya duka imepewa anwani 192.168.1.2.

Sasa kompyuta ya juu inataka kuchapisha kwa printa ya dukani, iliyo kwenye 192.168.2.50. Inatazama maski yake, inaona kwamba printa si ya mtaa wake, inakabidhi pakiti kwa ruta ya juu. Ruta ya juu inajua mambo mawili tu: mtaa wake, na kwamba kila kisichojulikana kipelekwe nje kwa kampuni ya mtandao. Printa iliyo chini ya ngazi inatafutwa nje ya mji. Kampuni ikipokea pakiti yenye anwani ya kibinafsi kama hiyo huitupa, na karatasi haitoki.

Dawa ni mstari mmoja katika ukurasa wa mipangilio ya ruta ya juu, pale palipoandikwa njia za kudumu. Unakoelekea: 192.168.2.0. Maski: 255.255.255.0. Lango: 192.168.1.2. Kwa maneno mengine, anayekwenda mtaa wa pili apitie kwa jirani huyu. Wengi hukosea katika nambari ya mwisho kwa kuandika 192.168.2.1, anwani ya ndani ya ruta ya duka. Hilo ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa mwenyeji ambaye nyumba yake ndiyo hiyo asiyojua pa kuipata. Lango lazima liwe jirani ambaye ruta inaweza kumfikia yenyewe, bila kuuliza njia.

Jibu la printa halihitaji mstari mwingine, kwa kuwa ruta ya duka imegusana na mitaa yote miwili na inaijua. Yapo hata hivyo masharti. Ruta ya duka isiwe inaficha anwani za ndani nyuma ya anwani yake, tabia ambayo ruta za nyumbani huwa nayo tangu kiwandani. Ikiwa inaficha, walio dukani watafika juu, lakini walio juu hawatafika dukani. Ukuta wake wa ulinzi nao uruhusu wanaotoka mtaa wa juu. Na anwani 192.168.1.2 iwekwe isibadilike, kwa sababu njia ya kudumu ni ya kudumu kweli: haichunguzi kama jirani bado yupo. Akihama, pakiti zitaendelea kupelekwa kwenye mlango uliofungwa, na mwenye nyumba atalaumu printa. Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za mtandao hazina kabisa ukurasa huo wa njia, na hapo maelezo yote haya hayasaidii mpaka kifaa kibadilishwe.

Zile anwani za 192.168 zenyewe zilitengwa na IANA ya Postel, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, ili yeyote azitumie ndani kwake bila kuomba ruhusa. Msimamo wa mwisho juu yake ulichapishwa Februari 1996 katika RFC ya 1918. Bila akiba hiyo, anwani bilioni nne zingekwisha mapema zaidi, na mwenye duka angehitaji kibali kwa kila printa.

Nchi ni ipi?

Nambari hazikuwa mgawo pekee. Postel alimkabidhi mwenzake wa taasisi, Paul Mockapetris, kazi ya kutafuta mfumo wa majina, na mwaka 1983 ukazaliwa mfumo wa vikoa unaotumika hadi sasa. Mwaka uliofuata Postel na Reynolds waliandika masharti ya vikoa vya juu, vikiwamo vya .com na .org, pamoja na vya nchi vyenye herufi mbili.

Hapo ndipo mtaalamu wa kompyuta alipojikuta kwenye mlango wa siasa. Nani aseme nchi ni ipi, na nani apewe kikoa chake? Postel alikataa kabisa kuwa mwamuzi. Alichukua orodha ya Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO 3166, akaifuata. Iliyomo ipate kikoa, isiyomo isubiri huko kwanza. Katika RFC ya 1591 ya Machi 1994 alieleza kwamba IANA haina kazi ya kuamua kipi ni nchi na kipi si nchi, na kwamba anayekabidhiwa kikoa ni mdhamini wa watu wa nchi ile na wa intaneti nzima, wala si mmiliki.

Kwa utaratibu huo ndipo nchi za ukanda wetu zilipopata majina yao mtandaoni. Kikoa cha Kenya, .ke, kilikabidhiwa mwaka 1993, vya Uganda na Tanzania mwaka 1995, na vya Rwanda na Burundi mwaka 1996. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997, herufi .cd ziliingia mwaka huohuo baada ya orodha ya ISO kubadilika, na .zr ya zamani ikafutwa mwaka 2001. Serikali zilikuwa na mambo mazito zaidi ya kufikiria miaka hiyo. Mara nyingi aliyejitokeza kuomba alikuwa mhadhiri au mhandisi mwenye modemu, na ukaguzi wa Postel ulihusu zaidi kama mtu huyo anaweza kazi na kama wenzake nchini wanamkubali. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi na wa haraka. Ulizaa pia magomvi baadaye, serikali zilipogundua kwamba jina la nchi liko mikononi mwa mtu binafsi, wakati mwingine aishiye ng'ambo.

Wiki moja ya Januari

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majina yalikuwa yamegeuka fedha. Kampuni ya Network Solutions, chini ya mkataba na serikali ya Marekani, ilikuwa peke yake katika kusajili majina ya .com, na tangu mwaka 1995 ilitoza ada. Postel na wenzake walipanga kuongeza vikoa vipya ili kuwe na ushindani. Serikali ya Rais Bill Clinton, kupitia mshauri wake Ira Magaziner, ikawaambia wasubiri. Ilitaka kuandaa utaratibu wake.

Juu kabisa ya mfumo wa majina kuna seva za mizizi, 13 kwa idadi wakati huo, ambazo kompyuta zote duniani huziuliza pa kuanzia. Seva hizo zilinakili orodha yao kutoka mashine moja iliyosimamiwa na Network Solutions. Januari 28, 1998, Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva nane zisizo za serikali, akiwaomba waanze kunakili kutoka mashine ya IANA. Hakuwa na mkataba nao wala mamlaka ya kisheria juu yao. Walitii.

Watumiaji hawakuona tofauti yoyote, kwa kuwa orodha zilikuwa sawa. Lakini Washington iliona. Mstari mmoja ulikuwa umebadilishwa katika mashine nane, kama vile fundi anavyobadilisha lango katika ruta ya nyumbani, na sehemu kubwa ya mizizi ya intaneti ikawa inamsikiliza mtu mmoja wa California. Magaziner alidai mambo yarudishwe yalivyokuwa, na baada ya wiki hivi yakarudishwa. Postel alisema lilikuwa jaribio la kiufundi. Wanahistoria wa intaneti bado hawakubaliani kama lilikuwa jaribio au tamko. Mtu mwangalifu kama yeye, aliyepanga kwa miezi mingi uhamaji wa mwaka 1983, ni vigumu kuamini kwamba hakujua wiki hiyo ilikuwa ya namna gani: siku mbili baadaye serikali ilitoa waraka wake wa kwanza juu ya mustakabali wa majina.

Funzo ambalo serikali ililichukua lilikuwa kwamba kitu kikubwa namna hii hakiwezi kuendelea kusimama juu ya heshima ya mtu mmoja. Postel mwenyewe, inavyoonekana, hakupinga hilo. Alitumia miezi iliyobaki ya mwaka 1998 kuandika kanuni za chombo kipya cha kurithi kazi yake. ICANN ilisajiliwa California mwishoni mwa Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuitetea.

Hakuishi kuiona ikifanya kazi. Moyo wake ulikuwa na kasoro ya muda mrefu, na tayari alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka 1991. Oktoba 16, 1998, alifariki mjini Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji mwingine wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Vint Cerf, rafiki yake wa tangu ujana, aliandika buriani usiku uliofuata, nayo ikachapishwa katika mfululizo uleule aliouhariri marehemu, ikiwa RFC ya 2468.

Chama cha Intaneti kilianzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1999. Mwaka 2007 aliipokea Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waasisi wa AFRINIC, ofisi iliyopo Mauritius ambayo tangu mwaka 2005 ndiyo inayogawa anwani kwa nchi za Afrika. Februari 3, 2011, IANA iligawa mafungu matano ya mwisho ya zile anwani bilioni nne, moja kwa kila kanda ya dunia. Fungu la Afrika ni lile la anwani zinazoanza na 102.